Uzamili wa Utawala wa Umma kwa Mtandao: Jibu kwa Msimamizi wa Wadi

Swali ninalolijibu limetoka kwa msimamizi wa wadi mmoja katika eneo la Nyando, Kaunti ya Kisumu. Ana shahada ya kwanza ya sosholojia, daraja la pili ngazi ya chini, aliyoipata miaka kumi iliyopita. Ana miaka sita kazini, watoto wawili wa shule ya msingi, na mkopo wa Sacco ambao bado anaulipa. Anataka kusomea shahada ya uzamili ya utawala wa umma bila kuacha kazi, na amefikia programu tatu za mtandaoni: moja ya chuo kikuu cha umma cha hapa Kenya, moja ya Uingereza na moja ya Marekani. Anauliza ni ipi bora kati ya hizo, na kama bodi ya utumishi wa umma ya kaunti itaikubali shahada ambayo mwenyewe hakuketi darasani kuipata. Mwishoni mwa barua ameongeza jambo ambalo nadhani aliliona dogo: kwamba wiki hiyo alikuwa akihangaika na faili ya mtaro wa maji karibu na Ahero, mradi ambao wananchi waliupitisha katika kikao, ukaingia katika mpango wa mwaka, kisha ukatoweka kwenye bajeti bila afisa yeyote kuweza kumwambia ulikatwa wapi.

Dada yangu, nakupa maoni yangu mapema ili usome yaliyosalia ukijua ninakoelekea. Kwa hali uliyonieleza, ningechagua programu ya hapa nyumbani, mradi chuo kikuonyeshe kwa maandishi jinsi kinavyowasimamia wanafunzi wakati wa kuandika tasnifu. Ya Uingereza ningeiomba vilevile, lakini ningeingia endapo tu nimepata ufadhili. Ya Marekani ningeiacha, na sababu yangu haihusu ubora wa mafunzo yake.

Tuanze na kutambuliwa, kwa kuwa hapo ndipo wasiwasi wako ulipo. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 iliipa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile tunayoiita CUE, kazi ya kuidhinisha programu za vyuo vya nchini na pia ya kutambua na kulinganisha shahada zinazotolewa na vyuo vya nje. Kwa chuo cha Kenya, unalohitaji kuthibitisha ni kwamba programu hii hasa, kwa jina lake kamili kama litakavyoandikwa kwenye cheti, imepita mbele ya tume. Chuo chenyewe kuwa na idhini kamili hakutoshi, kwa sababu kila programu hupimwa peke yake. Kwa chuo cha nje, tume huanza kwa kuuliza kama chuo hicho kinatambuliwa na mamlaka za nchi yake. Marekani, maana yake ni ithibati kutoka kwa shirika linalotambuliwa na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo au na baraza liitwalo CHEA; na juu ya hapo kuna NASPAA, ambayo hupima programu za utawala wa umma zenyewe, na ni alama nzuri ukiiona. Uingereza, uliza kama chuo kina mamlaka yake chenyewe ya kutoa shahada, au kinauza masomo ambayo cheti chake kitatolewa na chuo kingine. Ukihitimu nje, utapeleka cheti na orodha ya alama kwa CUE upewe barua ya kutambuliwa. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, shahada ya uzamili hukaa ngazi ya 9, na hapo ndipo yako inapaswa kuangukia.

Nimeketi katika majopo kadhaa ya usaili, na naweza kukuambia nilichokiona. Sijapata kuona mtu akinyimwa nafasi kwa sababu alisomea mtandaoni. Nimeona watu wakinyimwa kwa sababu walifika na cheti cha nje kisichokuwa na barua ya tume, wakaahidi kuileta baadaye, na nafasi ikamwendea aliyekuwa nayo mkononi. Na siku hizi bodi zimekuwa kali kuliko zamani, kwa haki kabisa: mnamo Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti ulikuwa umefichua zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi katika taasisi za umma. Kwa hivyo ukikutana na tangazo linalokuahidi uzamili kwa miezi mitatu kutokana na uzoefu wako wa maisha, lipite tu. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba kampuni moja ya Pakistan, Axact, ilikuwa imejenga mamia ya vyuo ambavyo havikuwako popote ila kwenye kurasa za intaneti, na walionunua vyeti hivyo walikuwa wa kila taifa, wengine wakijua na wengine wakiamini kweli kwamba wanasoma.

Baada ya kutambuliwa, watu wengi huhamia moja kwa moja kwenye karo na jina la chuo. Nakuomba usifanye hivyo. Chukua ile faili yako ya mtaro, iweke kando ya mtaala wa kila programu, kisha uulize: kozi ipi ingenisaidia kujua mradi huu ulipotelea wapi?

Fikiria njia ambayo faili hiyo ilipaswa kupita. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inaitaka kaunti kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia tarehe 1 Septemba. Mtaro wako ulikuwamo, umesema. Kisha huja waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti, ambao hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na hapo ndipo kila idara huwekewa kikomo cha fedha. Makadirio ya bajeti hufuata kufikia tarehe 30 Aprili, bunge la kaunti hupitisha kabla ya tarehe 30 Juni, na katika safari hiyo kuna angalau sehemu tatu ambapo mradi wa wadi moja unaweza kudondoka bila mtu kukusudia ubaya: kikomo cha idara kikiwa kidogo kuliko orodha yake, kamati ya bunge ikihamisha fedha, au makusanyo ya kaunti yenyewe yakipungua na bajeti ya nyongeza ikakata miradi ambayo zabuni yake haikuwa imetangazwa. Afisa aliyesoma mzunguko huu kwa makini hahitaji siku tatu za kupiga simu. Anajua waraka wa kuomba na ukurasa wa kuufungua.

Sasa tazama mitaala. Programu nzuri ya Kenya itakuwa na kozi ya fedha za umma inayotumia sheria hiyo hiyo, kozi ya ununuzi inayotumia Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015, na kozi ya ugatuzi inayosoma Sura ya 11 ya Katiba pamoja na Sheria ya Serikali za Kaunti. Programu mbaya ya Kenya itakuwa na majina ya kozi hizo lakini maelezo yake yatakuwa yale yale yaliyoandikwa kabla ya mwaka 2010, yenye wilaya na mikoa ndani yake. Omba maelezo ya kozi, usiridhike na majina. Ukiona kozi ya serikali za mitaa ambayo bado inazungumzia mabaraza ya miji kana kwamba kaunti hazijazaliwa, umepata jibu lako kuhusu chuo hicho.

Programu ya Uingereza haitakufundisha tarehe 1 Septemba. Itakufundisha kitu kingine, na sitaki ukidharau. Vyuo kama Birmingham na York vinatoa shahada hii mtandaoni, na Chuo Kikuu cha London, ambacho kimekuwa kikiwafikia wanafunzi wa mbali tangu mwaka 1858, kimekuwa na programu zilizo karibu nayo za sera na usimamizi wa umma kupitia SOAS, mojawapo ya vyuo vilivyo chini yake. Humo utapata nadharia na mifano ya nchi nyingi, pamoja na mazoea ya kusoma ushahidi kwa ukali. Chukua kazi ya Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Alionyesha kwamba watu wanaotumia rasilimali pamoja, kama vile maji ya umwagiliaji, wanaweza kuitunza kwa kanuni walizojiwekea wenyewe, bila kungoja serikali wala kuuza kwa mtu binafsi. Mtu anayefanya kazi jirani na mashamba ya mpunga ya Ahero, ambako mfereji mmoja uliozibwa huharibu mashamba ya watu wengi chini yake, ana kila sababu ya kusoma jambo hilo kwa kina. Ni kweli kwamba mhadhiri wa Nakuru au Maseno anaweza kulifundisha vilevile, na wapo wanaolifundisha vizuri sana; lakini maktaba ya mtandaoni ya chuo kikubwa cha nje ni hazina ambayo vyuo vyetu vingi bado havina.

Programu za Marekani zimejengwa kwa ajili ya watumishi wa umma walio kazini, na kwa hilo nazisifu: nyingi hazidai tasnifu, hudai mradi wa kumalizia masomo ambao unaweza kuufanya kuhusu ofisi yako. Lakini kozi zao za bajeti, sheria na rasilimaliwatu zimesimama juu ya majimbo na miji ya Marekani. Utajifunza kwa bidii jinsi jiji la huko linavyokopa kwa kuuza hati fungani, na Jumatatu utarudi kwenye mtaro wako.

Kuna majina yanayochanganya pia, nami nitayapita haraka. Uzamili wa utawala wa umma huelekea kwenye uendeshaji: watu, fedha, ununuzi, huduma. Uzamili wa sera za umma huelekea kwenye uchambuzi, na huwa na takwimu na uchumi zaidi. Vyuo vyetu vingine huunganisha viwili hivyo. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa mfano, kina shahada ya sera na utawala wa umma kwa pamoja. Kwa kazi yako, chochote kati ya hivyo kinafaa, ilimradi tangazo la kazi unayoilenga liseme "au fani inayohusiana". Uzamili wa biashara ulioongezewa kozi mbili za sekta ya umma nisingekushauri.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limewaangusha wanafunzi wangu wengi kuliko karo, kuliko stima, kuliko hata kazi zao. Ni tasnifu.

Mimi mwenyewe nilifanya uzamili wa miaka miwili kwa miaka mitano, katika chuo ambacho sitakitaja. Kozi nilizimaliza kwa wakati. Kisha nikamkabidhi msimamizi wangu sura ya pili ya tasnifu, na sura hiyo ikakaa kwake miezi kumi na moja. Nilikuwa nikipanda matatu alfajiri, nafika ofisini kwake saa tatu, nakuta mlango umefungwa. Siku moja niliisukuma nakala mpya chini ya mlango, na niliporudi baada ya wiki sita niliiona kona yake ikiwa bado imechomoza palepale, imeingia vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wanafunzi wengi kuliko ambao mtu mmoja anaweza kuwasoma, na hakukuwa na mtu juu yake aliyehesabu siku. Nililipa karo ya kila mwaka wa ziada nikiwa sifundishwi chochote. Tangu nilipoanza kusimamia wanafunzi nimejiwekea kanuni ya kurudisha sura ndani ya wiki tatu, na nimegundua kwamba inawezekana kabisa kama chuo kikigawanya wanafunzi kwa haki.

Kwa sababu hiyo, unapolinganisha programu za mtandaoni, weka nguvu zako kwenye nusu ya pili ya masomo. Kozi za mtandaoni karibu kila chuo sasa kinaziweza. Vipindi hurekodiwa, maandishi huwekwa, majadiliano huendeshwa. Maseno ina eCampus yake, Kenyatta ina kitengo chake cha masomo ya mbali, na tangu mwaka 2023 nchi ina Chuo Kikuu Huria cha Kenya chenye makao yake Konza. Swali ni nini hutokea kozi zikiisha. Mwandikie mratibu wa programu barua pepe yenye maswali machache ya wazi. Msimamizi hupangwa lini, kabla ya pendekezo la utafiti au baada yake? Msimamizi mmoja ana wanafunzi wangapi wa uzamili? Sura hurudishwa ndani ya siku ngapi, na mwanafunzi hulalamika kwa nani zikipita? Je, utetezi wa tasnifu unaweza kufanywa kwa njia ya video? Je, kuna chaguo la mradi mfupi wa utafiti badala ya tasnifu kamili? Na je, lazima uchapishe makala katika jarida kabla ya kuhitimu? Vyuo vyetu vingi hudai hilo, na makala huchukua muda.

Jibu la barua hiyo, na hata muda litakaochukua kukufikia, litakueleza mengi. Chuo kinachokaa mwezi mzima bila kumjibu mtu anayetaka kulipa karo hakitamjibu haraka aliyekwisha kulipa. Kisha tafuta wahitimu wawili wa programu hiyo hiyo, ambao katika Kisumu au Kakamega hukosi kuwapata kwenye ofisi za kaunti, uwaulize walianza mwaka gani na walivaa joho mwaka gani. Usiulize kama waliridhika. Miaka hiyo miwili inatosha.

Katika programu za Uingereza tasnifu ni fupi zaidi, na ina tarehe ya mwisho isiyosogea ovyo. Kwa kawaida shahada nzima ni kredi 180, yaani vipimo vya kazi ya masomo, ambapo 120 ni za kozi na 60 ni za tasnifu au mradi mkubwa. Hapo ndipo wanapotushinda kwa sasa, na nasema hivyo kwa uchungu, maana ni jambo la utaratibu tu, halihitaji fedha nyingi. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, kimekuwa kikifundisha kwa masafa tangu mwaka 1946 na jina lake ni zito, lakini nyingi ya shahada zake za uzamili ni za utafiti mtupu, na mtu ambaye hajaandika utafiti kwa miaka kumi ningemwonya asianze na hiyo.

Tuje kwenye saa zako. Kredi moja ya Uingereza huhesabiwa kuwa saa kumi za kazi, kwa hiyo kredi 180 ni saa 1,800. Ukizigawa kwa miaka miwili ni zaidi kidogo ya saa 17 kila wiki, Krismasi na wiki za mitihani ya watoto zikiwemo. Kwa miaka miwili na nusu zinashuka hadi karibu saa 14. Programu ya Marekani ya kredi 36, kwa hesabu yao ya saa 45 kwa kila kredi, ni saa 1,620, kwa hivyo tofauti si kubwa. Na ya Kenya, usidanganyike na vipindi vya Jumamosi pekee. Kazi halisi haipungui. Keti na mume wako, au na yeyote anayekusaidia nyumbani, mtazame wiki yenu ya kawaida na mzitafute hizo saa 14 kwa majina: Jumanne saa ngapi, Jumapili saa ngapi. Kama hazionekani kwenye karatasi, hazitaonekana baadaye.

Tofauti ya majira ndiyo iliyonifanya niiondoe Marekani mapema. Kipindi cha moja kwa moja kinachoanza saa moja jioni katika pwani yao ya mashariki kwetu ni saa nane za usiku, na wakirudisha saa zao nyuma mwezi Novemba kinakuwa saa tisa. Cha Uingereza cha saa kumi na mbili jioni hutufikia saa mbili au saa tatu usiku, ambapo watoto wamelala na unaweza kukaa mezani. Kama programu ya Marekani haina vipindi vya lazima vya moja kwa moja, hoja hii inapungua, lakini waulize kwa maandishi, maana mara nyingi kazi za makundi hupangwa na wanafunzi wenyewe kwa saa za huko.

Kuhusu fedha nitatoa hesabu moja. Tuseme programu inatoza dola 600 kwa kredi, bei ambayo kwa Marekani wengi wataiona ya wastani. Kredi 36 ni dola 21,600. Kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni takriban shilingi milioni 2.8, kabla ya ada za teknolojia na gharama za benki. Ongeza kwamba unalipwa kwa shilingi na unadaiwa kwa dola, kwa hivyo shilingi ikidhoofika katikati ya masomo karo yako imepanda bila chuo kuongeza hata senti. Programu ya chuo cha umma cha hapa itakugharimu laki kadhaa, na inaweza kulipwa kwa awamu. Mkopo wa pili wa Sacco juu ya ule ulio nao kwa ajili ya shahada ya milioni mbili au tatu siuungi mkono hata kidogo, kwa kuwa nyongeza ya mshahara utakayopata kwa kupanda daraja moja haitaulipa kwa wakati.

Ndiyo maana nimesema Uingereza kwa ufadhili. Jumuiya ya Madola ina ufadhili maalumu wa uzamili kwa masomo ya mbali, unaolipwa na serikali ya Uingereza, na Wakenya wanaruhusiwa kuomba. Ushindani wake ni mkali, na programu zinazofadhiliwa ni zile tu zilizo kwenye orodha yao, kwa hivyo anza na orodha, usianze na chuo ulichokipenda. Wanaangalia sana jinsi masomo yako yatakavyofaidi nchi yako, na katika hilo wewe una faili ya kuwaonyesha. HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, nayo ina mikopo kwa wanafunzi wa uzamili na kwa watu walio kwenye ajira, na riba yake ni nafuu kuliko ya benki.

Kuhusu daraja lako la pili ngazi ya chini, usikate tamaa. Vyuo vyetu vingi hupokea ngazi ya juu moja kwa moja, na ya chini ikiambatana na uzoefu wa kazi unaohusiana, kwa kawaida miaka miwili. Wewe una sita. Barua ya kaunti inayothibitisha miaka hiyo na majukumu yako iwe na uzito. Isiwe mistari miwili ya "kwa anayehusika". Kwa Uingereza, uliza pia kama alama yako ya Kiingereza ya KCSE inatosha, kwani vyuo kadhaa huikubali badala ya mtihani wa kulipia.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza nami sina budi kulisema. Kabla ya kujiandikisha popote, soma muundo wa utumishi wa kada yako, yaani waraka unaoeleza masharti ya kupanda cheo. Ngazi nyingine za kupanda cheo hazidai uzamili. Hudai kozi ya usimamizi ya wiki nne au ile ya uongozi wa kimkakati ya wiki sita ya Chuo cha Serikali cha Kenya, chuo kilichorithi ile taasisi ya utawala ya Kabete. Nimewahi kumwona afisa mwenye uzamili mzuri akipitwa na mwenzake asiye nao, kwa sababu tu mwenzake alikuwa na cheti cha wiki nne kilichotajwa kwenye tangazo. Uzamili utakuhitaji zaidi ukilenga ukurugenzi na kupanda juu. Muulize afisa wa rasilimaliwatu akuonyeshe muundo wenyewe, karatasi kwa karatasi, na wakati huohuo uombe idhini ya maandishi ya kusoma, hata kama unajilipia. Bila idhini hiyo, siku za mitihani utaziomba kama fadhila.

Jambo moja la mwisho kuhusu masomo ya mtandaoni ni la uaminifu. Katika miji yetu kuna vijana wengi werevu wanaolipwa kuwaandikia wengine kazi za chuo, na ukijulikana kwamba unasoma mtandaoni, mmoja wao atakutafuta. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai huko England, na vyuo vya hapa vinafukuza. Mimi hoja yangu ni rahisi zaidi: umeniandikia kwa sababu hukuweza kujua mradi wa wananchi ulikatwa wapi, na mtu mwingine akiandika kazi yako ya bajeti, mwaka ujao bado hutajua.

Kwa hivyo wiki hii tuma zile barua pepe kwa waratibu, na uangalie orodha ya programu zinazofadhiliwa na Jumuiya ya Madola. Faili ya mtaro usiirudishe kabatini. Iandikie ukurasa mmoja: mradi uliombwa na nani, uliingia katika waraka upi, ulionekana mara ya mwisho wapi. Safari ya miradi ya wadi kutoka kikao cha wananchi hadi bajeti iliyopitishwa ni mada nzuri sana ya utafiti wa uzamili, ina nyaraka ambazo kwa sheria ni za umma, na iko umbali wa kutembea kutoka ofisini kwako. Utahitaji ruhusa ya kaunti na kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, wakati ukifika, lakini ukurasa huo mmoja unaweza kuuambatisha kwenye maombi yako sasa hivi. Nami, ukinitumia, nitausoma na kukurudishia ndani ya wiki tatu.